Ukurasa wa Familia

Kemunto mjukuu wangu,

Hapa Nyansiongo tu wazima, ila nyanya yako anadai ng'ombe wake wanamsikiliza kuliko mimi.

Unauliza wanafunzi wako huko Eldoret waanze sosholojia kwa kitabu gani. Miaka ya sabini, nikifundisha walimu hapo Kisii, nilichagua kinene kilichosifiwa ng'ambo. Tulipofika sura ya familia, msichana aitwaye Moraa akainua mkono.

"Mwalimu, kwa mila yetu mamangu aliolewa na mama mjane aliyekosa mtoto wa kiume, ili amzalie warithi na nyumba yake isife. Sisi tuko ukurasa gani?"

Nilipekua kote, sikuwapata. Nikampa kalamu aandike pambizoni mwa ukurasa. Nafasi ilitosha mistari miwili tu.

Kitabu kile ninacho bado. Hadi nastaafu, nilikuwa naanzia somo kwenye mistari ile.

Chagua chenye pambizo pana.

Babu yako