Ukungu Kwenye Kifuniko

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umesimama umeshika mlango ukitafuta pumzi kama wifi alivyonieleza. Mimi mwili hauna neno. Salamu za mwenzangu wa chumbani, ambazo najua ndizo unazozitafuta kwanza, utazikuta mwishoni.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu huniachi nimalize. Nikiuliza kifua, unauliza nimekula nini. Nikirudi kwenye kifua, unasema kimefunguka, dawa yangu kiboko, halafu salio linaisha. Mama, salio lako huishia palepale kila siku! Barua huwezi kuikata.

Wifi ameniambia yote, na tafadhali usimgombeze. Alisema daktari wa zahanati alikuandikia uende hospitali kubwa ukapigwe picha ya kifua, nawe ukamjibu kwamba una binti anayetengeneza dawa. Kopo la mwezi mzima unalimaliza kwa wiki. Unajipaka kifuani, mgongoni, puani, unavuta hewa, unasema ahaa, kisha unakohoa hadi kunakucha.

Nisikufiche, mwanzoni nilivimba kichwa. Kazi yangu unaijua: mafuta ya mgando yakishayeyushwa na kuchanganywa na mnanaa, mimi nayamimina kwenye makopo kabla hayajaganda. Chembe za mnanaa ni nyeupe kama chumvi ya mawe, lakini ukifungua mfuko wake macho yanachuruzika yenyewe. Wageni wa kazi hulia siku ya kwanza, nasi huwauliza wamefiwa na nani. Ndio utani pekee tulio nao, maana tunashinda na barakoa, kila mtu na birika lake, na kengele ikilia kila mtu anashika njia yake. Kuna dada nimekaa naye ubavuni mwaka mzima. Juzi nilimkuta dukani hana barakoa, nikampita. Kesho yake akaniuliza mbona nimemnunia.

Basi niliposikia habari zako nilimfuata mchanganyaji wetu, mama mmoja wa makamo tunayemwita Mizani, kwa kuwa hata sukari ya chai anaipima. Nikamwomba anizidishie mnanaa kwenye kopo lako. Alikataa katakata. Akasema ukizidi unaunguza ngozi, na hata usipozidi, hauzibui kitu. Nilikasirika, mama. Nikamwambia mama yangu si mwongo, akijipaka anapumua.

Siku hiyo nilikuwa na mafua, tundu moja la pua limeziba kabisa. Akachukua kifuniko cha kopo kilicho kikavu, akaniambia nikipumulie kwa pua. Ukungu ukatanda upande mmoja, na upande wa pili kiduchu tu. Akanipaka dawa chini ya pua. Lo! Baridi iliingia mpaka utosini, nikamwambia umeona, imezibuka! Akafuta kifuniko, nikapumua tena. Ukungu ulikuwa uleule, mkubwa huku, kiduchu kule.

Hakunicheka. Alinieleza kwamba mnanaa unaamsha mishipa ya fahamu inayotambua baridi, mtu akadhani hewa ni tele, kumbe njia ni nyembamba vilevile. Unafaa kuchua misuli, unatuliza muwasho, unampa mwenye mafua nafuu ya kulala. Akasema huo si uongo, ni faraja, ila faraja haipigi picha mapafu.

Nilirudi chumbani na kifuniko mfukoni. Kiko hapa mezani ninapoandika, na kimenifanya nione haya.

Sasa salamu. Mama, mwenzangu hayupo. Aliolewa akahama tangu kabla ya mvua zilizopita. Zile habari kwamba kapika, kwamba tumetoka matembezi, kwamba anakusalimia sana, nilikuwa nazitunga mwenyewe. Aliyekuwa akicheka kule nyuma ni redio. Ulisema unalala vizuri ukijua siko peke yangu, nikaona nikuache ulale. Nikishakata simu, nakaa tu kitandani. Yule chiriku wako, mliyekuwa mkimsihi anyamaze mpate kula, siku hizi anamaliza Jumamosi na Jumapili bila kutoa neno ila ahsante kwa mwenye duka. Nina upweke, mama. Haya, nimeusema.

Watu hupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi tumepakana kopo zima. Wewe kifua kimefunguka, mimi niko vizuri, na kila mmoja anakohoa kwake.

Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Jumamosi nakuja, Jumatatu tunakwenda hospitali kupiga hiyo picha, na ukiogopa tutaogopa wote wawili. Sileti dawa. Nikifika usikimeze kikohozi, nataka nikisikie kilivyo. Nami nikilia, usiniulize nimefiwa na nani.

Nisalimie kaka, wifi na watoto. Huku hakuna anayekusalimia ila mimi.

Ni mimi mwanao,
Chiriku