Mkono Ulioachia

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Mjimwema leo haina adabu. Davis, fundi wa kuchomelea anayenifundisha mazoezi, kaniambia niwe naandika kila siku nimenyanyua mara ngapi, basi nimenunua daftari. Mengine nitayaandika kwa ajili yangu.

Ketobeli ya kilo kumi na sita. Davis kaitengeneza mwenyewe kwenye karakana yake – tufe la chuma, juu kachomelea nondo kuwa mpini. Unaipitisha katikati ya miguu, unairusha mbele kwa nguvu ya kiuno. Kazi ya mkono ni kutoachia tu. Mara kumi, pumzika. Mara kumi tena.

Kaniuliza mbeba mbao wa Makambako anatafuta nini kwenye mazoezi. Nikasema mkono wangu wa kulia ni dhaifu. Ndivyo nilivyosema hata siku ile pale kwenye lori: mkono uliishiwa nguvu, boriti ikaponyoka, Agustino, mwenzangu wa kubeba, akaanguka nayo. Wote waliniamini. Mwezi wa nane anatimiza mwaka kaburini.

Ijumaa, 13 Juni

Mara mia. Viganja vimechubuka – afadhali! Viganja vikiuma sisikii kingine.

Tatizo ni zile za mwisho. Nikishachoka, chuma kinakuwa chepesi ghafla, kama kuna mtu kashika upande wa pili. Leo nimegeuka mara mbili. Davis alikuwa anachomelea geti, kanipa mgongo. Hakukuwa na mtu mwingine.

Jumapili, 22 Juni

Hilda, mjane wa Agustino, alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Tukasalimiana: kamwene, shemeji. Kamwene. Kasema ukoo umekaa, tarehe mbili Agosti wanajengea kaburi kule kijijini Yakobi. Jiwe lenye jina lake gari haliwezi kulifikisha, kwa hiyo litabebwa kutoka barabarani, kupitia kwenye miparachichi. Enoki, kaka wa marehemu, atashika mbele. Nyuma wamenichagua mimi. Mama yao kasema hataki mwingine, maana mwanawe alibeba na mimi miaka sita.

Nikasema sawa. Ningesemaje? Nikawaaga.

Alhamisi, 3 Julai

Kilo ishirini na nne. Na zoezi jipya: unashika tu, unatembea, unazunguka karakana mpaka mkono ushindwe. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Nilitaka nione mkono wangu unavyoshindwa.

Unashindwa hivi. Kwanza kigasha kinawaka moto. Halafu kidole kidogo kinaanza kufunguka, polepole. Halafu cha pete. Unajua kabisa. Muda wa kusema unao, na muda wa kutua unao.

Nikamwuliza Davis kama mkono unaweza kuachia papo hapo, bila dalili. Akacheka. Akasema mkono mzima hauachii ghafla, kaka, ukiona umeachia ghafla ujue mwenyewe kaufungua. Akarudi kwenye geti lake. Mimi nikakaa juu ya tofali mpaka jasho likanikaukia mwilini.

Jumamosi, 5 Julai

Sijaenda mazoezini.

Jumatano, 9 Julai

Basi niandike. Mara moja tu.

Sisi wabebaji tulikuwa na mchezo wetu. Aliye nyuma ndiye anayeona, ndiye anayesema "tua". Kabla ya neno hilo hakuna kuachia. Lakini wa mbele akijifanya ana haraka, wa nyuma analegeza mkono kidogo, boriti inamshtua mwenzake, anayumba, watu wanacheka. Agustino kanifanyia mara nyingi. Nami nimemfanyia. Ila ni chini tu, kwenye tope. Kwenye ubao wa kupandia lori haifanyiki, na hilo hakuna asiyelijua.

Siku ile alikuwa ananivuta mbio tangu asubuhi. Kaniita mzee mbele ya akina mama wa uji. Nilikasirika – kwa kitu kidogo namna hiyo! Tukiwa juu ya ubao nikafungua vidole. Kigasha hakikuwaka. Kidole kidogo hakikutangulia. Vilifunguka vyote pamoja kwa sababu mimi niliviambia.

Nilitaka ashtuke tu.

Alhamisi, 24 Julai

Ishirini na nne, mara mia mbili. Sina mkono dhaifu hata mmoja.

Dada yangu Prisila anasema nikipasua kuni nazungumza peke yangu. Namwambia nahesabu. Upande wa pili bado kuna mtu anashika. Siku hizi sigeuki, namwacha ashike.

Jumamosi, 2 Agosti

Tumepumzika katikati ya miparachichi. Jiwe tumelitua juu ya magogo mawili, na kaburi liko chini yetu, hatua kama mia. Watu wametangulia, kwaya inaimba. Nimelishika jiwe lile njia nzima na hakuna kidole kilichofunguka. Aibu yake siwezi kuieleza.

Mimi ndiye niliyesema "tua". Enoki akatua, akajifuta jasho. Akauliza, ndivyo mnavyofanya, wa nyuma ndiye anasema? Nikasema ndivyo. Kisha: na siku ile, Danford, ulisema?

Nilitoa daftari kwenye koti kama mtu aliyekumbuka kazi. Upumbavu gani huu! Ninaandika naye ananitazama mkono, hanitazami usoni.

Hilda kapanda kuuliza mbona tumekawia, mchungaji anasubiri. Enoki kamwambia atangulie, tunakuja. Naogopa. Nikimwambia Enoki, mama yake yuko pale chini na kanga nyeusi. Nisipomwambia, nitaishika ile boriti maisha yangu yote.

Sasa amesimama. Hajaenda mbele. Amekuja upande wangu wa jiwe, kashika vishikio vya jiwe nilivyokuwa nimeshika mimi, anasema kwa upole kabisa tubadilishane – yeye atakaa nyuma, mimi nitangulie, na neno "tua" litakuwa lake. Kutoka hapa hadi kaburini ni mteremko mtupu. Ananiita mara ya pili na mimi bado naandika.