Kondoo wa Yeyo

Kajiado, 12 Februari 2023

Kwa Paker wangu,

Takwenya. Natumaini uko mzima, na kwamba Ledama mwanangu akitoka kazini Magadi anakukuta mzima. Mimi niko salama, ukiacha magoti na masikio. Simu imekuwa kelele tu, simsikii mtu, kwa hivyo kuanzia leo nitakuandikia, na Lazarus wa maziwa atakuletea barua siku zake za kuja Kitengela.

Mwandiko unaouona ni wangu mwenyewe. Florence anayetufundisha ngumbaru kanisani anasema herufi zangu zinatembea kama ng'ombe walioshiba, lakini zinafika. Shida ni kwamba ukishajua kusoma huwezi kuacha. Nasoma magunia, nasoma madebe, nasoma kuta za watu. Juzi nilikuwa naanika nguo nikasoma ile fulana yangu ya kijani niliyopewa na watu wa mifugo, ile ya kwenda kanisani. Mgongoni imeandikwa NIMECHANJWA KICHAA CHA MBWA. Miaka minne, Paker. Miaka minne nimekaa kiti cha mbele, na kanisa lote nyuma yangu linasoma. Nimemuuliza pasta kwa nini hakuniambia. Anasema alidhani najua.

Sasa neno lenyewe. Ukame umenimaliza. Nilikuwa na kondoo arobaini na mmoja, na wa mwisho alikufa Jumanne. Wote walitoka kwa kondoo jike mmoja mwekundu niliyepewa na mama yangu nilipoolewa. Sasa katika uzao ule amebaki yule niliyekupa siku ya harusi yako, peke yake. Nikimuuliza Ledama habari zake ananiambia nikuulize wewe. Basi nakuuliza. Anakula vizuri? Ana mimba?

Ni mimi Yeyo, mama yako,
Paker

*

Kitengela, 19 Februari 2023
(Barua hii sikuituma.)

Kwa Yeyo,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu. Pole sana kwa kondoo wako.

Yeyo, yule kondoo tulimla.

Sikujua. Kwetu Ukambani mtu akikupa mnyama siku ya furaha, mnyama huyo ni kitoweo, na kumweka ni kama kusema hukumpenda. Mlipomleta nilimfunga juu ya paa karibu na tangi la maji, kwa sababu sisi tunakaa ghorofa ya nne na sikuwa na pengine. Akala kamba za nguo, akala shuka ya jirani. Wachira anayesimamia ploti akaniambia nichague, kondoo au nyumba. Krismasi ikafika, ndugu zangu Ngui na Mbaluka wakaja na visu, Ledama akiwa zamu Magadi. Aliporudi alikuta ngozi. Alikaa kwenye ngazi, akanieleza kwamba kwenu mtu akikupa kondoo jina lako la kawaida linawekwa kando kati yenu wawili, na mnaitana Paker mpaka kufa. Mimi nilidhani unaniita hivyo kwa mapenzi tu. Nikamwomba akwambie. Akasema, "Hilo ni la nyinyi wawili. Mimi siingii."

Siwezi kukuandikia hivi na wewe umebaki bila hata mmoja.

*

Kitengela, 19 Februari 2023

Kwa Yeyo, Paker wangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Ledama alikuja wiki jana akalala siku mbili mfululizo, akaamka kula tu. Pole sana kwa kondoo wako. Nimelia, na huo si uongo.

Kuhusu fulana, usijali. Mimi nilishona sare za kwaya nzima ya hapa mtaani, na ni siku walipoimba mbele ya watu ndipo nikaona nimeweka mfuko wa mke wa pasta mgongoni. Alipotafuta leso yake alijizungusha kama mbwa anayefukuza mkia. Watu walifikiri ni Roho.

Kondoo yuko. Anakula vizuri. Nimempeleka kwa rafiki yangu mwenye shamba upande wa Isinya, kwa sababu hapa hakuna nyasi. Na wiki mbili zilizopita alizaa. Jike.

Binti yako,
Paker

*

Kajiado, 6 Machi 2023

Kwa Paker wangu, mkunga wangu,

Takwenya tena na tena. Uko mzima? Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa.

Nilisoma barua yako nikiwa kwenye mstari wa maji. Nilipofika kwenye neno jike niliweka mtungi chini nikaruka. Mimi, na magoti haya. Wanawake walinishika wakidhani nimeumwa na nyoka. Jumapili nikasimama wakati wa ushuhuda, nikasema Mungu ameniachia mbegu, iko Isinya, inanyonya. Nikacheza mbele ya kanisa mpaka pasta akaangalia saa.

Mvua imeanza kunukia. Nyasi zikiota nitakuomba kitu kimoja tu. Yule mama mtu ni wako, simgusi. Lakini mtoto akishaacha kunyonya, mpe Lazarus aniletee, nianze tena. Usiku wa kuolewa kwangu mama yangu aliniambia mwanamke mwenye kondoo hawezi kuitwa maskini, na mimi ndiye wa kwanza katika nyumba yetu kuitwa hivyo. Sikuwa nimekwambia. Nimeona aibu mwezi mzima.

Mama yako,
Paker

*

Kitengela, 17 Juni 2023

Kwa Yeyo,

Shikamoo. Habari za magoti? Sisi ni wazima. Samahani nimekaa kimya miezi mitatu. Kazi za kushona zimekuwa nyingi na mkono umekuwa mzito.

Lazarus amebeba mwanakondoo. Ni jike, mwekundu kama ulivyosema. Ni mpole. Njiani asipewe kabichi, inamjaza tumbo.

Binti yako,
Paker

*

Kajiado, 25 Juni 2023

Kwa Muthoki,

Salamu. Natumaini uko mzima.

Mwanakondoo amefika. Lazarus alimshusha kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, na majirani walikuja kuona. Mama Kuntai alileta maziwa. Nilimshika, nikamgeuza, nikamtazama mkia na meno na uso. Kisha nikamtazama sikio la kulia.

Limekatwa vipande viwili kwenye ukingo, na juu yake mtu amepaka dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya watoto. Hicho si kidonda, Muthoki. Ile ni alama, na ni ya watu wa upande wa Rombo. Yetu ni ncha ya sikio la kushoto, na haikatwi na mtu mwingine ila mwenye kondoo. Hata bila sikio ningejua. Nimekaa na uso ule miaka arobaini na saba. Huyu hana uso ule.

Majirani niliwapa chai, wakaenda.

Niambie ukweli. Mimi ni mzee lakini si mtoto.

Mama wa Ledama

*

Kitengela, 2 Julai 2023

Kwa Yeyo,

Shikamoo. Sitauliza habari za afya kwa sababu najua mimi ndiye nimeiharibu.

Kondoo wako alikufa Krismasi ya mwaka wa harusi yangu. Wachira wa ploti alimkataa juu ya paa, nasi tukamla mimi na ndugu zangu. Hakuna Isinya, hakuna rafiki mwenye shamba. Sikujua kwamba kwenu zawadi ile ni ya kukaa nayo, nilidhani nimeletewa kitoweo kama tunavyoletewa kwetu. Hilo lilikuwa kosa la kutojua, na ningelisema siku ile ungenicheka yakaisha. Uongo ndio nilioufanya nikijua. Uliposema wamekufa wote sikuweza kukuua mara ya pili, hivyo nikamzalisha kondoo aliye tumboni mwangu.

Yule mwanakondoo nilimpata sokoni. Nilizunguka Jumamosi tatu nikitafuta mwekundu. Nilipoona sikio nilifikiri ameng'atwa na mbwa, nikamhurumia, nikampaka dawa asubuhi na jioni. Muuzaji alinitazama akacheka. Sasa naelewa alikuwa anacheka nini.

Nimeona umeniita Muthoki. Ni jina langu na halina ubaya, lakini nilipolisoma nilikaa chini sakafuni kwenye vitambaa vya watu. Nikwambie kwa nini. Mama yangu Mbeke alikufa nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo watu wamenipa kazi, wamenipa ushauri, Ledama amenipa nyumba. Jina sikupewa na mtu mwingine ila wewe. Ndugu zangu wanajua hadithi yote na wananicheka kwamba nimekula jina langu na ugali.

Naomba msamaha kwa ajili ya kondoo, na zaidi kwa ajili ya uongo. Na nina swali moja, na chochote utakachojibu nitakikubali. Kondoo akiliwa, jina nalo linaisha?

Muthoki

*

Kajiado, 10 Septemba 2023

Salamu kutoka Kajiado. Nimeanza bila jina, nitafika kwa jina. Natumaini mwili wako uko mzima. Mvua ya juzi ilitupata vizuri, na mimi natembea.

Nilikasirika, sitakuficha. Jumapili nyingi nilikuwa nashika kalamu naiweka. Nilimlilia yule kondoo, maana kwenu alikufa Krismasi, mimi alinifia Julai. Na nilikuwa na aibu ya kurudi mbele ya kanisa. Nyama haikuniuma. Nimekula kondoo wengi na najua utamu wake. Kilichoniuma ni kwamba ulinipa furaha ya mtu asiyekuwepo, na mimi nikaila yote.

Mwishoni nilisimama. Nikawaambia watu kwamba ile mbegu ya Isinya haikuwepo, kwamba mkaza mwanangu alimla kondoo wangu kwa sababu kwao ni heshima, akanidanganya kwa sababu alinihurumia. Nilingoja wanyamaze kwa huzuni. Muthoki, walicheka. Pasta alikalia kiti akishika mbavu. Mama Kuntai alicheka mpaka akatoka nje, na ibada ikaisha hivyo, wimbo wa mwisho hatukuuimba.

Jioni Mama Kuntai alikuja kwangu. Huyu mama alinipa ng'ombe mwaka wa themanini na saba, nasi tunaitana Pakiteng, jina la waliopeana ng'ombe. Nilimsomea barua yako, na nilipofika kwenye swali lako aliniuliza, "Pakiteng, ng'ombe wangu yuko wapi?" Nikamwambia alikufa kabla Ledama hajazaliwa. Akauliza, "Na wewe unaniita nani?"

Basi nikahesabu. Watu ninaowaita kwa majina ya wanyama ni kumi na wawili, na katika wanyama wenyewe hakuna hata mmoja anayepumua. Tungekuwa tunaacha jina mnyama akifa, ukame huu ungetuacha Kajiado nzima hatuna wa kuitana. Mimi najua hili tangu utotoni na sikukwambia, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka uogope kidogo. Hilo ni kosa langu, na naomba uliweke karibu na la kwako.

Jina haliishi tumboni mwa kondoo. Linaishi kwa aliyetoa na aliyepokea. Wewe ni Paker, na ulikuwa Paker hata niliposhindwa kuliandika.

Kuna jambo lingine ambalo hukuliona, na mimi pia lilinichukua muda. Huyu mtoto wa Rombo hakushuka mbinguni. Ulizunguka soko Jumamosi tatu, ukamtibu ugonjwa asio nao, ukamtuma. Ulimtuma kwa uongo, sawa, lakini mkono uliotoa ni wako. Kwetu yule anayepewa naye huitwa. Kwa hivyo sasa umenipa jina pia, na mimi pia nina kondoo mwenye mtu nyuma yake. Hanisikii, anaruka ua, amekula ukurasa mzima wa daftari langu la ngumbaru, lakini nimemkata ncha ya sikio la kushoto. Ana alama mbili sasa. Watu wanauliza ni wa wapi, nawaambia ni wa hapa.

Mimi si Mbeke na sitajaribu kuwa yeye. Lakini Lazarus ameniahidi kiti cha mbele kwenye gari la maziwa Jumamosi ijayo, na nakuja. Hizo ghorofa nne nitazipanda polepole, na nikichoka nitakaa kwenye ngazi nisome kuta. Nataka kumsalimu Wachira, nataka nikuone ukishona, nataka kulala kwako siku mbili au tatu.

Siku ya harusi ulininyoshea mkono kama mnavyofanya kwenu, na mimi nikaushika kwa sababu watu walikuwa wengi na sikutaka kukuaibisha. Kwetu mtoto hampi mama yake mkono. Huinamisha kichwa, mama akakigusa. Nimekaa miaka miwili na kiganja changu kinakudai salamu hiyo. Jumamosi ukifungua mlango, weka mkono nyuma uniletee kichwa.

Mama yako,
Paker