Upana wa Kanisa la Kidichi

Kidichi, Unguja
Juni, 1970

Mwanangu Yustino,

Nakusalimu, na nakuuliza, kifua kishapona? Huko Dar es Salaam nani anakupikia? Mie magoti tu, na yule kuku wangu mweupe kaliwa na kicheche. Anayeniandikia ni jirani yetu Bi Kazija. Ananambia niseme polepole, nami polepole sijazoea.

Barua yako imefika. Umeuliza saruji, umeuliza nondo, babaako hukumsalimu.

Kanisa ulilichora wewe, sikatai. Kuta za mawe na chokaa kama za wazee, baraza nje, mlango wa nakshi, juu zege, ndani kupana tukae sote bila nguzo. Nilipoiona ile ramani nililia, nkasema huyu si yule aliyekuwa akila udongo wa ukutani? Kuta ukampa babaako. Ulipokuja Pasaka ukakuta zimefika kifuani, na ndani kwembamba, upana sawa na urefu wa boriti moja ya mkoko ya kubebea dari tu, kama vyumba vyote alivyojenga maisha yake. Ukamwambia mbele ya Fundi Jaku na waumini kuwa zege haitaki boriti, ati kaidharau karatasi yako kwa kiburi, anajenga ghala la karafuu. Kuna waliocheka. Yeye alijibu tu kwamba kakosea. Akanyoosha mkono muagane, akaunyoosha kwenye ukuta, wewe ukaona anakufanyia dharau tena, ukenda zako.

Basi nisikilize, mwanangu. Babaako alikuwa haoni. Chokaa ilimrukia machoni akiizima kwa maji, tangu mvua za mwaka jana. Aliniapisha nisikwambie, maana ungemwambia apumzike, naye akitaka mkono wake uwemo kwenye kanisa lako. Karatasi nilimsimulia mie, mlango huku, baraza kule. Nambari za upana sizijui, naye hakutaka kuuliza mtu. Akapima kwa mikono yake, na mikono ikampa upana inaoujua. Jaku aliona, lakini babaako ndiye aliyemfundisha kazi, akastahi kumsahihisha mwalimu wake.

Jumapili alfajiri amefariki. Tumemzika Jumatatu. Ningekupigia simu ya upepo, ila haya yote hayaenei kwenye maneno mawili matatu ya simu. Jumamosi aliniuliza kama umeandika. Nkamwambia kaandika, anakusalimu sana. Akataka nirudie. Nkarudia.

Sasa waumini wanauliza, kuta zibomolewe zijengwe pana ulivyochora, au ziachwe? Jaku kakataa kushika nyundo mpaka uje. Mie siamui. Lakini ukija, kabla hujasema neno, fumba macho uzipapase, halafu useme.

Anakusalimu Jaku, anakusalimu Bi Kazija anayelia juu ya karatasi, na wanakusalimu wote waliobaki humu nyumbani, yaani mie.

Mamaako,
Perpetua