Matangi ya Mama na Mabomba Yako

Kwako mdogo wangu,

Natumai u mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekwisha. Sisi huku tunapumua. Mama anafika jikoni bila kushika ukuta, anakula, na anakuulizia. Salamu zangu ndizo hizo. Usitafute nyingine humu.

Nimesikia unawaambia shangazi zetu kwamba samaki wa Mama nimewaua mimi. Basi tuanzie hapo.

Unajua yale matangi matano sebuleni ndiyo yaliyompa Mama cha kuamkia tangu alipougua. Vichujio vya zamani vilipochoka, nilisema kila tangi lipate kichujio chake kidogo cha sifongo na mpira wake wa hewa, ili ugonjwa ukiingia tangi moja uishie humo. Ulinicheka kwenye simu. Ulisema hayo ni mawazo ya watu wanaofuga samaki kwenye beseni, kwamba siku hizi ni kichujio kimoja kikubwa, maji yanazunguka matangi yote, na kuosha ni mara moja. Kabla hatujamaliza kubishana, fundi wako alikuwa mlangoni na mabomba begani. Nilimzuia. Mama akaniambia nimpishe, ametumwa na mwanawe.

Sikatai, maji yaling'aa. Mama alikusifu mpaka nikatoka nje kuanika nguo zilizokwisha kukauka.

Halafu ukaja na mfuko wako wa samaki wekundu. Nilikuomba uwaweke kwanza kwenye ndoo, tuwaangalie siku chache. Ulisema nina wivu, ukawamimina mbele ya Mama naye akapiga makofi. Ulipoondoka wakaota madoa meupe kama chembe za chumvi, na maji yako yanayozunguka yakaugawa ugonjwa kila tangi. Dawa niliyotia haikufua dafu. Wa mwisho kufa alikuwa yule mweusi mzee, ambaye Mama alimwita Mpangaji kwa kuwa anakula na halipi kodi. Mama alimweka kiganjani. Hakulia. Aliniuliza kichujio nilikiosha kwa kitu gani, maana ulishampigia simu ukamwambia ni sabuni yangu iliyowaua. Tangu hapo tukasemezana kwa ajili ya chakula na vidonge tu.

Sasa sikia usilolijua. Juzi Mama alitaka nimpeleke kwa muuza samaki. Yule bwana alipomtambua alimpa pole, kisha akamweleza kwamba wale wekundu alikukataza kuwachukua. Alikuonyesha doa ubavuni mwa mmoja, akakusihi usubiri wapone. Ukamjibu kwamba Mama hataona, macho yake siku hizi si ya kuona madoa.

Ulijua. Ulijua, na ukanitupia mimi.

Tulipofika nyumbani Mama alinishika mkono, akaomba msumeno. Mabomba tumeyakata pamoja, yapo uani, nimeyafunga kamba. Vichujio vya sifongo alivichagua mwenyewe, kila tangi na chake. Samaki bado, tunangoja maji yatulie.

Ingekuwa juu yangu, ningekuambia usikanyage hapa. Lakini Mama ameniagiza, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie aje. Asilete kitu. Akifika, aanze kwa dada yake."

Wasalimie wa nyumbani kwako, wao hawana kosa. Mimi sikungojei. Ila ukibisha hodi, atakayefungua ni mimi.

Dada yako