Kilo Nane Nukta Mbili

Jumanne, 18 Desemba 2007

Suti ya kijani nimepiga pasi, kikao nimeenda. Kama kawaida. Ni kamati ya kukagua faili za watoto wanaongoja wazazi wapya, pale nyumba ya watoto Olympic, Kibera. Wenzangu wote ni wafanyakazi wa pale. Mimi peke yangu ndiyo mtu wa nje, niliwekwa niangalie kama kazi inafanywa sawasawa. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, ndiyo, lakini nimelea wanne na Mwende wangu alipata B plain kidato cha nne.

Leo faili ya Mercy, miaka miwili. Machi: kilo nane nukta mbili, hatembei. Julai: kilo nane nukta mbili, hatembei. Leo pia. Hata kuku wangu hawezi hiyo, huongezeka. Nikauliza Bwana Mutua, mwenye kuandika faili, kama alimpima.

"Mama Mwende, wewe weka sahihi tu."

Nikarudisha kalamu kwa mkoba. Fundi cherehani Ouma wa Soweto East, huko huko Kibera, na mke wake Rosa wanamtaka huyo mtoto, na hawaruhusiwi kumwona mpaka tupitishe faili. Mwenyekiti amesema atapimwa baada ya kura ya rais. Faili isipopita kikao kijacho, Mercy anapelekwa nyumba nyingine, mbali huko ushago.

Jumapili, 30 Desemba

Matokeo ya kura yametangazwa. Makelele, halafu moshi. Nimefunga mlango.

Ijumaa, 4 Januari 2008

Unga hakuna. Barabara ya kwenda Kibera imefungwa. Nimeogopa, na sipendi kuogopa. Nimevaa suti nikakaa nayo nyumbani. Mwende amecheka mpaka akalia.

Jumamosi, 12 Januari

Watoto wa Olympic wamehamishiwa ukumbi wa kanisa hapa Kabiro, nyuma ya ploti yetu. Nimefika wa kwanza, na uji. Mercy, yule asiyetembea, amenyakua kiatu changu akakimbia nacho. Nimemfukuza na soksi ukumbi mzima, nikashindwa. Nimefurahi sana.

Nikambeba mpaka kwa mizani ya Kyalo, muuza makaa. Kilo kumi na moja na nusu. Kyalo ameandika kwa karatasi akaweka kidole. Kidole chake cha makaa hakihitaji wino.

Mutua, aliyekuja na watoto, amekasirika. "Mama, mtoto anapimwa kama gunia?"

"Afadhali gunia. Gunia hupimwa."

Nimejirudia hilo jibu mara tatu njiani. Ni zuri.

Jumanne, 12 Februari

Kikao kimefanyiwa kwangu, chumba kimoja, mwenyekiti ameketi kitandani. Mutua amekubali: alikuwa anakopi kilo za kikao cha nyuma. Amesema polepole, akiangalia chai. Nimemhurumia. Kidogo. Nikasema siweki sahihi hata moja mpaka watoto wote wapimwe. Wako sita. Laini mpaka kwa Kyalo, na wote wamerudi na matako meusi.

Mwenyekiti ameruhusu Ouma na Rosa wamwone Mercy leo, lakini nilidhani hawatakuja. Mjaluo kupita njia hii siku hizi za kuwindana kwa kabila? Wamekuja kwa miguu, wamezunguka sana. Ouma alikuwa amemshonea Mercy gauni ya njano kwa vipimo vya faili alivyopewa na Mutua. Imekwama kwa kichwa. Mercy amezunguka chumba haoni kitu, anacheka ndani ya kitambaa, amegonga mwenyekiti magoti.

Ouma akamgeukia Mutua. "Bosi, kwani huyu wa faili ni nani?"

 Rosa ameshika mguu wa mtoto tu, ule usiotembea, akaushikilia.

Faili imepita. Sahihi yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Jumanne, 4 Machi

Barabara imefunguka. Nimeenda Soweto East na suti. Mercy anakaa kwao sasa, idhini ya korti itafuata. Hakunikumbuka, amekumbuka kiatu.

Gauni imeshonwa upya, imemtosha. Nimegeuza pindo, mimi huangalia kila kitu. Ouma ameacha vidole vinne vya kitambaa ndani, vya kukulia.

Nimerudisha pindo. Tumekunywa chai.