Mlango wa Jikoni wa Bilonda

Mpoyi, dada yangu Bilonda amenipigia simu sasa hivi.

Alipita Likasi, akafika Kolwezi kumwoza mpwa wetu Huguette. Karamu iko wapi? Katika nyumba ileile alimofukuzwa mwaka 1993, walipowafukuza watu wa kabila letu. Baba wa bwana harusi ni Numbi, aliyeingia humo siku Bilonda alipopandishwa gari la moshi.

Aliapa kunyamaza, asimharibie Huguette harusi.

Numbi akamlaki: "Karibu kwangu, mama mugeni." Kwangu, eti.

Kisha mlango wa jikoni ukagoma, chakula kiko ndani. Numbi anausukuma, anatoa jasho. Bilonda akauinua kwa goti, ukafunguka.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Marehemu bwana yangu aliutia vibaya, baba. Na weye, miaka makumi tatu, haujautengeneza?"

Numbi hakula.